Maswali ya Wasomaji: Boksi Lisiufunike Mlio

Kati ya barua za mwezi huu, tatu zinahusu maboksi ya bidhaa, na mbili kati yake ni za vyombo vya muziki vya watoto. Nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana ndani yake yamo karibu mambo yote ambayo mafundi wa huku kwetu huniuliza wanapotoka mnadani kwenda dukani.

SWALI

Mbukwenyi mama, na shikamoo. Mimi ni fundi seremala, niko Chamwino. Natengeneza vyombo vidogo vya muziki vya watoto: ilimba (ubao wenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) ya vyuma vinane, zeze la nyuzi mbili, manyanga ya vibuyu na ngoma ndogo. Nauzia mnadani, na wageni wanaokuja Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Kigogo huninunulia sana. Sasa mwenye duka moja kubwa Dodoma mjini amevipenda, ila amesema hapokei kitu kisicho na boksi wala barkodi. Kijana mmoja wa kompyuta amenichorea boksi jeupe, limefungwa pande zote. Mbele kuna simba anapiga gitaa, kwenye kona zabibu, maneno ni ya Kiingereza, na vyuma vya ilimba vimeandikwa do-re-mi. Anasema tuweke pia picha ya marehemu mwanamuziki Hukwe Zawose ili watu wajue ni muziki wa Wagogo. Moyo wangu haujatulia, lakini sijui kasoro iko wapi.

Fundi, Chamwino

JIBU

Marahaba mwanangu, mbukwa. Moyo wako unakwambia kweli, na kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba boksi hilo limefungwa pande zote. Anayemnunulia mtoto chombo cha muziki anataka kukisikia. Picha ya ilimba haimwambii mama kitu, lakini akivipitisha vyuma mara moja kwa kidole gumba, biashara imekwisha. Hata kabla ya mama, mtoto ndiye anayefika pale kwenye rafu na kushika. Ukimzuia asishike, umejinyima mteja wako wa kwanza. Kwa hiyo kabla hujalipa hata senti kwa mchapaji, kaa chini na kila chombo ujiulize: mkono wa mtu utafikia wapi, na mlio utatokea wapi?

Anza na ilimba, maana ndiyo itakayouzika zaidi. Itengenezee sinia la boksi gumu lenye kingo fupi, ilimba ilale humo, kisha mkanda wa karatasi ngumu ya manila uizunguke upande wa chini kama mshipi kiunoni, vyuma vyote vibaki wazi. Tundu la sauti nalo libaki wazi. Wewe unajua kuliko mimi kwamba ilimba ya Kigogo hupata ule mvumo wake kwa utando wa buibui unaobandikwa kwenye tundu. Mkanda ukipita hapo juu, mvumo unakufa na mnunuzi anasikia mti mtupu. Kuikamata ilimba isichomoke, usitumie zile waya zilizovikwa plastiki zinazosokotwa nyuma ya maboksi ya kutoka nje. Mzazi huhangaika nazo kwa kisu, na kipande kikidondoka mkekani mtoto anakiokota. Uzi wa katani sehemu mbili unatosha, fundo likae nyuma.

Zeze lina shida yake. Ukilipakia nyuzi zikiwa zimekazwa, kile kijiti kinachoinua nyuzi kitaanguka njiani au shingo itapinda. Legeza nyuzi, kijiti ukitie kwenye kifuko cha karatasi kilichobandikwa ndani ya boksi, upinde ulale ubavuni. Sasa kwa kuwa zeze lililolegezwa halilii, hapa ndipo msimbo wa QR unapokuwa na kazi: mnunuzi aelekeze simu, akusikie wewe mwenyewe ukilipiga kwa nusu dakika. Nakusihi urekodi zeze hilohilo dogo unaloliuza, si zeze kubwa la mzee wako. Mlio anaousikia mtu kwenye simu uwe wa kitu atakachokikuta ndani.

Manyanga hayahitaji boksi. Kata kadi ya manila yenye tundu la kuning'inizia juu na tundu la kupitisha mpini katikati, yaning'inie kwenye ndoano. Kila atakayepita akayagusa atawaita wengine.

Ngoma pia usiifungie. Mkanda wa manila kuzunguka mwili wake unatosha, ngozi ibaki wazi ipigwe. Ila kuna neno moja lazima liandikwe kwenye mkanda huo. Ngozi uliyoiwamba Chamwino mwezi wa Septemba umeiwamba kwenye hewa kavu kabisa. Ikifika Dar es Salaam au Tanga itanyonya unyevu wa bahari, italegea, na mnunuzi atadhani ameuziwa ngoma mbovu. Kila mpigaji anajua dawa yake ni moto au jua, lakini mzazi wa mjini hajui. Mwandikie waziwazi: "Ngozi ikilegea, iweke juani kidogo, itakaza tena." Mstari huo mmoja utakuokolea ngoma nyingi zinazorudishwa dukani bila ubovu wowote.

Sasa michoro. Simba na gitaa viondoke. Mtoto akifungua boksi lenye gitaa akakuta ilimba, ameahidiwa kitu akapewa kingine. Zabibu nazo ziondoke. Najua ni fahari yetu Dodoma, lakini ziko kwenye chupa za mvinyo na paketi za juisi, na boksi lenye zabibu linasomeka kama kinywaji. Chora mikono ya mtoto ikipiga chombo chenyewe, tena chombo kiwe na ukubwa wake halisi, mtu akiweka kiganja juu ya picha aone kinavyolingana. Kwenye ngoma, mchore msichana aliyeikamata katikati ya mapaja, maana kwetu muheme ni ngoma ya kina mama na mtoto wa kike ajione hapo.

Kuhusu do-re-mi, hili limenigusa. Sauti za Kigogo hazikupangwa kama za kinanda cha kanisani. Ukimwandikia mtoto "do" kwenye chuma kisichotoa do, mwalimu wake wa muziki atamwambia ilimba yake ni mbovu, na mtoto ataamini. Ilimba si mbovu hata kidogo. Weka namba, 1 hadi 8, au alama ya rangi kwenye kila chuma, kisha ndani ya sinia uchape mchezo mfupi kwa namba hizohizo: kidole gumba cha kulia hapa, cha kushoto pale. Mtoto wa mtaa wa Kisasa hapa Dodoma au wa Mbezi kule Dar es Salaam ambaye hajawahi kumwona mpigaji ataweza kuanza siku hiyohiyo. Sehemu ya ndani ya boksi huachwa tupu na wengi. Wewe ifanye iwe darasa.

Maneno yote yawe Kiswahili kwanza, herufi kubwa, na Kiingereza kikiwepo kikae chini kwa udogo. Andika jina la chombo, umri, kimetengenezwa kwa nini, "Kimetengenezwa Chamwino, Dodoma, Tanzania", na namba ya simu ya biashara.

Mzee Hukwe Zawose, aliyezaliwa 1938 na kufariki 2003, aliipeleka ilimba na zeze kwenye majukwaa ya dunia, na alifundisha vijana wengi kule Bagamoyo. Kumheshimu ni wajibu wetu. Kuuzia bidhaa kwa sura yake ni jambo jingine, linahitaji ruhusa ya familia yake, na familia hiyo ipo na bado inapiga muziki. Kama huna ruhusa, usiweke. Hivyohivyo kwa picha za watoto wa jirani: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mzazi wa mtoto lazima akubali kwa maandishi. Michoro ya mkono itakuepusha na yote hayo.

Rangi nyeupe hapa kwetu ni hasara. Kuanzia Mei mpaka Novemba vumbi letu linaingia kila mahali, na boksi jeupe likikaa kwenye duka la mlango wazi linaonekana limetumika kabla halijauzwa. Tumia boksi la rangi ya kaki, lichapwe rangi moja au mbili zenye nguvu: nyeusi, na ule wekundu wa udongo unaouona kwenye michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Njano na bluu ya mbingu hufa juu ya kaki, usizipoteze hela. Vyombo vyote vinne viwe na mpangilio mmoja, jina mahali palepale, mchoro mahali palepale, na kila kimoja kiwe na mstari wa rangi yake. Mtoto mwenye ilimba akiona mstari wa rangi nyingine atajua kuna ndugu wa ilimba yake anayekosekana nyumbani.

Kwa mkanda na kadi, chukua manila ya gramu 300 hadi 350. Mwambie mchapaji mkunjo ufuate mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Karatasi ina nyuzi, na ukiikunja kinyume nazo, kwa ukavu wa Dodoma, wino unapasuka kwenye kona na weupe unatokea. Kama hajui unachosema, chukua kipande uchane: upande unaochanika kwa mstari ulionyooka ndio mwelekeo wa nyuzi.

Barkodi. Namba zinazotolewa na GS1 Tanzania, shirika la namba za barkodi, huanza na 620. Kila aina ya bidhaa ina namba yake, kwa hiyo ilimba, zeze, manyanga na ngoma ni namba nne, na siku ukitoa ilimba kubwa utahitaji ya tano. Ukubwa wa kawaida wa alama hiyo ni milimita 37.29 kwa 25.93 pamoja na nafasi tupu za pembeni. Unaweza kuipunguza mpaka asilimia 80, usishuke zaidi. Usiichape kwa rangi nyekundu. Mashine nyingi za dukani husoma kwa mwanga mwekundu, na mistari myekundu haionekani kabisa kwao. Kwenye kaki, bandika kwanza lebo nyeupe, mistari nyeusi juu yake. Kwenye ngoma, ambako mkanda unazunguka duara, igeuze alama mistari ipandane kama vipago vya ngazi. Ukiilaza kwa kawaida, mistari ya pembeni inapotelea kwenye mviringo na mhudumu wa kaunta anabaki kuandika namba kwa mkono.

Sasa nisikilize kwa makini kwenye usalama, kwa sababu hapa hatufanyi mapambo. Viwango vya kimataifa vya vitu vya kuchezea, ISO 8124, hutumia bomba lenye upana wa milimita 31.7. Kipande chochote kinachozama humo chote kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Nyumbani jaribu kwa lile bomba la katikati la karatasi ya chooni. Ni pana zaidi, kwa hiyo ni kali zaidi, na hilo ni jema. Mbegu za ndani ya manyanga zinazama. Kijiti cha zeze kinazama. Andika onyo mbele, si chini ya boksi: "Hakifai mtoto wa chini ya miaka 3. Kina vipande vidogo vinavyoweza kumkaba." Lakini usiliegemee onyo hilo ukauza kibuyu dhaifu. Huku kwetu dada wa miaka 6 na mdogo wake wa mwaka mmoja wanacheza mkeka mmoja, na onyo halitenganishi mkeka. Dondosha manyanga yako sakafuni tena na tena. Kibuyu kikipasuka, badilisha kibuyu au kikaze kwa kitambaa kilichogundishwa. Rangi unayopaka iwe haina madini ya risasi, maana kila ulichotengeneza kitaingia mdomoni.

Na alama ya TBS, Shirika la Viwango, usiichape mpaka upewe leseni ya kuitumia. Nenda ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, Dodoma mjini uwaeleze kazi yako, watakuonyesha njia ya kuanzia. Jina la bidhaa lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kabla hujachapa maboksi mengi.

Mwisho kwako, usiagize boksi la dukani kabla hujajua boksi kubwa la kusafirishia. Pima vyombo, acha nafasi ya milimita 2 au 3 kila upande, panga 12 ndani ya boksi moja la nje, kisha ulijaribu: lidondoshe kutoka kimo cha sentimita 76, mara moja kwa kona, mara tatu kwa kingo, mara sita kwa nyuso. Huo ndio utaratibu wa majaribio wa ISTA, shirika la kimataifa la usafirishaji salama, kwa mizigo midogo. Ukifungua ukakuta zeze zima, hata buti la basi la Singida litalipokea salama.

SWALI

Mama, salaam. Nina duka la vitu vya watoto hapa Singida. Nauza vinanda vidogo vya betri, boksi lina dirisha na limeandikwa "bonyeza hapa". Watoto wanabonyeza kutwa nzima, mtu akifika nyumbani betri zimekwisha, anarudi kugomba. Nizibe dirisha kwa selotepu?

Mwenye duka, Singida

JIBU

Usizibe, ndugu yangu. Dirisha hilo ndilo linalokuuzia. Toa kinanda kimoja kiwe cha kujaribia, kifunge kwenye rafu kwa kamba fupi, betri zake ziwe gharama yako ya mwezi. Vilivyobaki, angalia chini yake kama kuna ulimi wa plastiki unaotokeza kwenye sehemu ya betri. Ulimi huo hukata umeme mpaka mnunuzi auvute, na wauzaji wengi huuvuta dukani ili kujaribu kisha hawaurudishi. Waambie wahudumu wako wasiuguse. Ukiagiza tena kwa jumla, uliza kama boksi lina hali ya majaribio, ile ambayo kinanda kinalia sekunde chache tu kikiwa bado kwenye boksi.

Kuna jambo kubwa kuliko betri kuisha. Angalia ni betri za aina gani. Kama ni zile bapa za mviringo, kama CR2032 yenye upana wa milimita 20, jaribu kufungua mfuniko wake kwa kucha. Ukifunguka bila bisibisi, usikiuze kinanda hicho, kirudishe kwa aliyekuuzia. Mtoto akimeza betri ya namna hiyo ikakwama kooni, inaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili tu, na mzazi anaweza asijue kwa nini mtoto anatoa mate na kukataa kula. Boksi zuri lina onyo hilo limeandikwa. Kama lako halina, andika mwenyewe kwa Kiswahili ubandike stika mbele: betri iwekwe mbali na watoto, ikimezwa kimbilia hospitali mara moja, usingoje asubuhi.

SWALI

Shikamoo mama. Ni mwanafunzi hapa Dodoma, napenda kuchora vifungashio. Nianze na programu gani ya kompyuta?

Mwanafunzi, Makole

JIBU

Marahaba. Anza na kisu, rula ya chuma na manila. Nenda Soko la Majengo, nunua boksi lolote dogo la dawa ya meno au sabuni, lifungue taratibu mahali lilipogundishwa, ulilaze mezani. Utaona lilivyokatwa, ulimi wa gundi uko wapi, kingo zipi zimepunguzwa ili ziingie. Likunje tena, ulichore kwa penseli kwenye manila yako, ulikate, ulisimamishe. Fanya hivyo kwa maboksi ya namna mbalimbali mpaka uweze kulitazama boksi lililofungwa ukajua lilivyolala.

Ukifika kwenye kompyuta, programu yoyote inayochora kwa mistari ya vekta, ile isiyoharibika ukiikuza, itakufaa, na Inkscape ni ya bure. Weka michoro yako katika ukubwa halisi, ongeza milimita 3 za rangi nje ya mstari wa kukatia, na mistari ya kukatia na ya kukunjia iwe kwenye tabaka lake peke yake ili mchapaji asiichape. Kisha nenda Chamwino ukamtafute fundi kama yule wa swali la kwanza. Wako wengi wenye kazi nzuri isiyo na boksi.